Mawe Saba ya Bijou

Mbwa mdogo wa rangi ya mchanga alichuchumaa akakojoa juu ya kiatu cha mwanamume aliyekuwa akifunga katoni ya chanjo nyuma ya pikipiki yake. Ilikuwa siku ya soko Kasongo. Parking, kituo cha pikipiki, ilijaa magunia ya mchele, madumu ya mawese na madereva wanaogombania abiria, na wote walioona waliangua kicheko.

Mbwa aliitwa Bijou, na mwenyewe alikuwa Émérance, fundi wa kushona, mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Alivaa libaya, blauzi ya kitenge cha kijani yenye mikono mipana, mshono aliobuni mwenyewe, na aibu ilimfanya ainame haraka na kitambaa mkononi.

“Pardon, papa. Wacha nipanguse.”

Yule mwanamume hakukasirika. Alikuwa akiyatazama yale matone. Yalikuwa matatu tu, na yalikuwa mekundu.

“Iko nakojoa damu tangu lini?”

“Wiki mbili. Unajuaje kama ni damu?”

“Hii njo kazi yangu. Niko veterinere, munganga wa wanyama, kule Kabambare. Jina langu Chadrack.”

Alipiga magoti palepale kwenye vumbi, akaminya tumbo la mbwa kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya kitambaa. Bijou alilia kidogo.

“Iko na majiwe mu mufuko ya mukojo.”

“Majiwe? Hakuna mutu alimulisha majiwe!”

Chadrack alicheka. “Haikule. Inajijenga mule ndani, sawa ule ukoko mweupe wa sufuria ya maji. Nitakupa kinini kwanza. Ikikataa, itabidi tupasue.”

Alimpa vidonge, akamwandikia namba yake ya simu. Alipoinua mkono, Émérance aliona mfuko wa koti lake umening'inia kwa uzi mmoja.

“Docteur muzima anatembea na koti namna hii? Leta nishone.”

Cherehani yake ilikuwa hatua chache kutoka pale. Alishona mfuko kwa dakika tano, na Chadrack, aliyekuwa na haraka ya kuwahi barabara kabla ya mvua, aliketi kwenye kiti cha wateja karibu saa nzima.

Ndivyo simu zilivyoanza. Kila jioni Chadrack alipanda kilima nyuma ya ofisi yake, mahali penye réseau ya simu, akauliza habari za mbwa.

“Bijou amekojoa mara ngapi leo?”

“Mara kumi na moja. Na miye hauniulizi?”

“Haya. Weye umekojoa mara ngapi?”

“Mupumbavu weye!” Émérance alicheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mbwa alizungumzwa kidogo, mengine yalizungumzwa sana. Kisha asubuhi moja Émérance alipiga simu mwenyewe, na sauti yake haikuwa ya mchezo.

“Tangu jana anajikaza. Inatoka tone moja, mbili, basi. Tumbo imekuwa gumu.”

“Sikia, chérie. Jiwe imeanza kuziba njia. Mukojo ukikosa pa kutokea, mufuko utapasuka na atakufa. Mulete leo.”

“Ulishapasua imbwa?”

“Nimepasua wengi,” Chadrack alisema.

Wengi hao walikuwa mbuzi na ng'ombe. Alijua alichoulizwa, na alijua alichojibu.

Mama Marie-Thérèse, muuza nyanya, alimwona Émérance akipanda pikipiki na kikapu kifuani. “Watu wanakosa dawa, na weye unapeleka imbwa kwa munganga!”

“Mama, wezi walipoingia kwangu, nani alilia? Ni ye. Bila ye, mashine yangu ya kushona ingekuwa ilishauzwa Salamabila. Ile njo inanilisha.”

Njia ilikuwa mbaya kama kawaida yake. Mara nne walishuka ili dereva avushe pikipiki juu ya magogo. Walifika Kabambare alasiri, Émérance akiwa na tope mpaka magotini, Bijou akitetemeka.

Kila kitu kilikuwa tayari: chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza ya bati iliyosuguliwa, vyombo vilivyochemshwa. Cécilia, muuguzi wa kituo cha afya na rafiki wa Chadrack, alikuja kuhesabu pumzi za mbwa. Walimdunga dawa ya usingizi, wakamnyoa tumbo, wakamwosha. Émérance aliambiwa asubiri nje. Alibaki mlangoni, pazia mkononi, na hakuna aliyemfukuza.

Chadrack alikata chini ya kitovu. Kibofu kilikuwa kimevimba, ngozi yake nene na nyekundu. Alikifungua kidogo, akatoa mawe moja moja kwa kijiko kidogo, na kila moja lililia ndani ya kopo la chuma. Yalikuwa saba. Kubwa lilikuwa kama punje ya haragwe. Kisha akapitisha mrija mwembamba kwenye njia ya mkojo, akasukuma serumu, maji ya chumvi, tena na tena mpaka njia yote ikawa safi.

“Pumzi inapungua,” Cécilia alisema.

Mikono ya Chadrack ilisimama. Cécilia aliuvuta ulimi wa mbwa mbele, akamsugua kifua. Bijou akavuta pumzi, halafu nyingine. Chadrack akaanza kushona. Jasho lilimtiririka puani, naye hakuwa na mkono wa kulifuta. Émérance aliingia bila ruhusa, akamfuta kwa ncha ya kitenge chake, akarudi mlangoni.

Siku zilizofuata alikaa kwa Cécilia. Kazi ilikuwa nyingi kuliko alivyofikiri. Bijou alitaka kulamba kidonda, basi Émérance akamshonea shati la vipande vya kitenge, lenye mikono minne na tundu nyuma. Kila saa mbili alimbeba nje akojoe. Alimpa uji mwepesi na maji mengi. Mkojo ulikuwa bado na damu, na aliuliza kila mara kama ni kawaida.

“Itakuwa vile siku chache,” Chadrack alimwambia. Alikuja asubuhi na jioni, na jioni alichelewa kuondoka. Siku ya tatu alimshika mkono.

“Vidole vyako vinanukia dawa,” Émérance alisema.

“Na vyako mafuta ya mashine.”

“Basi tuachane?”

“Jaribu, mupenzi.” Hakuna aliyejaribu.

Siku ya nne Cécilia alikuwa akiosha sufuria. Alisema kwa nia njema kabisa, “Kwa imbwa yake ya kwanza, Chadrack amefanya vizuri. Ile asubuhi alisoma kitabu cha upasuaji mara tatu.”

Émérance aliacha kukunja shati. “Ya kwanza?”

Alimkuta Chadrack ofisini akifua koti lake jeupe la kazi.

“Uliniambia wengi.”

Hakujaribu kujifanya haelewi. “Mbuzi. Na ng'ombe.”

“Nilikuuliza imbwa.”

“Ningesema kweli, ungekuja?”

“Ningekuja! Kulikuwa nani mwingine? Ila ningekuja nikijua. Angekufa pale mezani, miye ningebaki nasema munganga alijua kazi yake.” Alikaza fundo la kitenge. “Mutu anayenificha ile, kesho atanificha nini?”

Alfajiri alimtafuta dereva mzee aendeshaye taratibu, akarudi Kasongo na kikapu chake. Chadrack alisikia mlio wa pikipiki ukipita mbele ya nyumba yake, akajua ni Émérance anaondoka.

Alipiga simu mara nyingi. Haikupokelewa. Mwishowe akaandika ujumbe: *Asiruke, asipande ngazi. Maji mengi. Nyuzi zitoke siku ya kumi na mbili.* Émérance alisoma, hakujibu, ila alifuata kila neno.

Siku mbili baada ya kufika, Bijou alichuchumaa uani akakojoa kwa mkupuo mmoja mrefu, maji safi ya manjano. Émérance alipiga kelele ya furaha. Mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa yuleyule. Akaisukuma simu chini ya vitambaa, na mchana ule alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia.

Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, Chadrack alisimama mbele ya duka la kushonea la Émérance. Koti lilikuwa limelowa na viatu vilikuwa mabonge ya tope. Ndani walikuwamo wateja wawili. Bijou alimkimbilia, mkia ukipiga shati lake la kitenge.

“Nimekuja kutoa nyuzi,” alisema.

Émérance aliondoa mkasi na chaki juu ya meza. Chadrack alinawa mikono, akakata nyuzi moja moja, akapitisha kidole juu ya kovu jembamba. Kisha akaongea mbele ya wote.

“Nilikudanganya. Ile kisu sikuiogopa sana. Nilikuogopa weye, utaniona sawa mutu asiyejua kazi. Nisamehe.”

Mteja mmoja alijifanya anachagua vifungo.

“Hayo majiwe yanaweza kurudi?” Émérance aliuliza.

“Yanaweza.”

“Lini?”

“Sijue. Lazima nimuangalie kila miezi michache. Na hata vile, sijue.”

Émérance alimshusha Bijou kutoka mezani. “Njo vile nilitaka unijibu ile siku nilikuuliza.”

“Basi nijibu na weye. Nataka kukuoa.”

“Ulishaoa?”

“Hapana. Hata mara moja. Sijue kama nitaiweza.”

Wateja walicheka kwanza, kisha Émérance, kicheko kilekile cha kwenye simu, mpaka machozi yakamtoka.

“Mama,” alimwambia mteja wa vifungo, “gauni yako utaichukua kesho. Leo ninamupeleka huyu kwa yaya yangu, Jean-Pierre. Ye njo kaka mukubwa kwetu, na ana maulizo mengi.”

“Sasa hivi?” Chadrack alijitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. “Na haya matope?”

Émérance alikuwa ameshaenda uani kumletea beseni la maji.