Koo la Saumu

Kigongamkazo kilikuwa mkufu mwembamba tu, lakini loo, kilikuwa na akili! Kiliisoma mishipa ya koo kabla neno halijatoka, kikalikata silabi kwa silabi, na pale panapostahili mkazo kikamdona mvaaji. Mhandisi Barke alikiunda kwa ajili ya wanaokwenda kufanya kazi Mwezini, maana huko amri zote ni za Kihispania, na ulimi wa Mswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, liwe neno la nani.

Wa kwanza kukivaa alikuwa mdogo wake, Saumu, mwimbaji wa harusi aliyeomba kazi Mwezini.

"Nitaimba," Barke alimpa neno maabarani, alitamke kwa Kihispania.

"Can-TA-re." Mkufu ukamdona Saumu penye silabi ya mwisho. "Can-ta-RÉ!"

"Tulikuwa tukiimba."

"Can-TÁ-ba-mos."

"Kazi umeipata, mdogo wangu!"

Siku ya harusi ya binti wa shangazi yao, Saumu akauvua mkufu, akashika kipaza sauti. Shairi alilitunga mwenyewe, mizani nane kwa nane. Ubeti wa kwanza tu, mkazo ukarukia mwisho wa neno. Akarudia, ukaruka tena. Bi harusi akainamisha uso.

"Huyu naye katolewa wapi?" akadakia mmoja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Barke alicheka nao. Ndiyo, alicheka, tena kwa sauti, asije mtu akauliza mkufu ni wa nani. Kwa maana alijua. Wakati wa majaribio kompyuta ilimwonya kwamba koo likishazoea kudonwa halirudi lilivyokuwa, naye akanyamaza ili kifaa chake kisikataliwe.

Alimkuta Saumu uani, nyuma ya masufuria ya pilau, kajifunika kanga usoni.

"Dada, nina nini mie? Nimerogwa?"

Barke alitamani ardhi immeze. "Ni mkufu, Saumu. Nilijua, nikanyamaza."

Saumu aliishusha kanga taratibu. "Nilikusikia ukicheka. Kicheko chako nakijua tangu utotoni. Nikajisemea, dada hawezi kunicheka, anacheka ili anisitiri, ionekane ni mzaha."



Ukumbini wanawake wakaanza kupiga makofi. "Mwimbaji yuko wapi? Mleteni!"

Saumu akautoa mkufu mkobani, akamtia dada yake mkononi.

"Nenda wewe," akasema. "Kawaambie."