Hapo Tu

Baba Pacha alibeba mizigo ya watu mlimani kwa miaka kumi na minane. Kampuni za mjini zilileta wageni, zikaleta wapishi, zikaleta hata maji ya kunywa. Wageni walipita kijijini wakipunga mikono, basi. Kijiji kilibaki na vumbi la viatu vyao, na Baba Pacha alibaki na goti bovu.

Mwaka huu wanakijiji waliunda kikundi chao cha kupokea wageni, wakaichukua njia ya mlimani kutoka kwa kampuni. Mama Pacha alitandika vitanda viwili katika chumba cha uani. Mumewe akachaguliwa kuwaongoza wageni, bila mzigo kichwani. Alifurahi mpaka akashindwa kula.

Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke, watu wazima. Walipanga kukaa siku tatu. Asubuhi walianza kupanda kwenda kwenye maporomoko ya maji.

"Ni mbali?" mke aliuliza.

"Hapo tu," alisema Baba Pacha.

Baada ya saa moja aliuliza tena.

"Hapo tu, mama. Nyuma ya kile kilima."

Nyuma ya kilima kulikuwa na kilima kingine. Maji yakawaishia. Mchana yule mama alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akalia. Maporomoko hawakuyaona. Kesho yake walifunga virago.

Kikundi kilikutana. Mwenyekiti hakumung'unya maneno.

"Likitokea tena, njia tunawarudishia kampuni. Na wewe utarudi kwenye mizigo."

Baba Pacha alilishika goti lake. Aliona aibu, na aliogopa.

Jioni alikuja Dada Ramani. Huyu ni mwalimu wa waongoza wageni, na walimwita hivyo kwa kuwa haachani na ramani yake. Alimkuta Baba Pacha amekaa mlangoni, uso ameukunja.

"Sikumdanganya yule mama, dada. Kweli ni hapo tu. Mimi naenda na kurudi chai haijapoa."

"Kwa miguu yako, kaka. Wewe unasema 'hapo tu' ili kumtia mtu moyo. Mgeni anatumia neno hilo kupimia maji ya kubeba. Mwambie ni mwendo wa saa ngapi, vilima vingapi, na mtapumzika wapi. Halafu mwache aamue mwenyewe."

"Saa kwa mwendo wa nani?"

Dada Ramani alichungulia ndani. Mama mkwe wa Baba Pacha alikuwa anachambua maharage.

"Wa huyu."

"Alaa," alisema bibi. "Miaka yote mnanicheka natembea kama kinyonga. Leo ndiyo mmeniona wa maana."

Kesho yake wakapanda wote watatu. Bibi alipotaka kupumzika, walipumzika. Kwanza walikaa kwa mfinyanzi, mama mjane. Kisha wakakaa kwa mfuga nyuki. Walifika baada ya saa nne. Dada Ramani aliandika kila kitu.

"Umeona?" alisema. "Mgeni akienda polepole, atapumzika. Akipumzika, atakunywa chai ya huyu, atanunua asali ya yule. Ukimkimbiza, faida inaishia nyumbani kwako peke yako."

Milango ile Baba Pacha aliipita miaka kumi na minane, mzigo kichwani, macho chini. Hakuwahi hata kujua kwamba mfinyanzi ana benchi.

Wiki ile walichonga vibao vya njia, wakaandika saa juu yake. Mwezi uliofuata alikuja mwalimu mmoja mstaafu.

"Ni mbali?" aliuliza.

Neno lilimfika Baba Pacha ulimini. Akalimeza.

"Saa nne, mama. Vilima vitatu, na cha mwisho kitatutoa jasho. Tutapumzika mara mbili. Beba chupa mbili za maji."

Mwalimu aliongeza chupa ya tatu. Aliyaona maporomoko. Alirudi na asali na chungu kidogo, na badala ya siku tatu alizopanga akakaa nne. Baadaye akawatuma rafiki zake. Habari ya kampuni mwenyekiti hakuigusa tena. Kamba ambayo Baba Pacha alikuwa akifungia mizigo, Mama Pacha aliifunga uani, akawa anaanikia mashuka ya wageni.

Siku rafiki hao walipofika, mmoja wao alitoka chumbani.

"Samahani, baba. Choo kiko mbali?"

Baba Pacha alikitazama choo. Alihesabu hatua kimoyomoyo. Zilikuwa kumi na mbili, kwa mwendo wa bibi.

"Hapo tu," alisema.

Bibi alicheka mpaka akamwaga maharage.