Chini ya Siti

Jua lilikuwa linazama tulipoingia Makutupora, nje ya Dodoma, mimi na rafiki yangu Noeli, tumebanana kwenye pikipiki yake kuifuata yangu. Nasema yangu kabla sijainunua kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Shule niliikimbia darasa la sita, lakini kijiwe chote cha bodaboda cha Makole kinajua: mtu akitaka pikipiki iliyotumika anambeba Abuu, yaani mimi, kwanza. Wenye digrii wananunua rangi. Mimi nanunua injini.

Safari hii nilikuwa najitafutia mwenyewe. Mke wangu, Stumai, alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka, na nilikuwa nimemwapia kwamba hatapelekwa kujifungua na pikipiki ya kuazima.

"Utapanda ya mumeo," nilimwambia. "Wenye magari watajikunja kwa wivu."

"Mdomo wako huo," akasema, lakini alicheka.

Muuzaji aliitwa Faustini, mkulima wa zabibu, mtu mzima mwenye macho ya mtu asiyelala. Pikipiki alikuwa ameiegesha mwisho wa shamba, mbali kabisa na nyumba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Utaipanda wewe peke yako?"

"Mimi na mke wangu. Anakaribia kujifungua."

Akatazama chini. Halafu akasema, "Haya. Kagua. Kagua vizuri."

Hapo aliniambia neno tamu. Kwanza nikaweka kiganja kwenye injini. Ukiikuta ya moto ujue muuzaji ameiwasha kabla hujafika, anaficha ugonjwa wake. Hii ilikuwa baridi kama jiwe. Nikapiga kiki mara moja, ikaitika. Moshi safi. Nikachuchumaa nikatazama cheni, nikapapasa fremu nikitafuta kovu la kuchomelea, nikalinganisha namba za injini na za kadi. Nikaikandamiza siti kwa uzito wangu wote kupima shokapu. Ikarudi juu taratibu, haikurukaruka.

Vikanyagio vya abiria vilikuwa wazi. Nikavikunja.

"Wengine waliokuja walitazama rangi tu," Faustini akasema. "Hata siti hawakuinua."

"Hao walikuja kununua pambo la sebuleni," nikamjibu, na Noeli akacheka.

Nikainua siti.

Kwenye nyaya za betri palikuwa na kipande cha kanga, cheusi kwa mafuta, kimefungwa fundo gumu. Mwendesha bodaboda yeyote akiona tambara kwenye nyaya anajua maana yake: kuna waya umechunika na mtu anauficha. Huwezi kununua bila kufungua. Vidole vikashindwa. Nikainama, nikalifungua kwa meno.

Waya ulikuwa mzima. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kishungi cha nywele.

"Mzee, ndiyo umemficha mkeo humu?"

Faustini hakucheka. Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

"Umefungua mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Rafiki yako ni shahidi."

Nikakitupa kitambaa kwenye mizabibu, nikafunga siti. Bei niliyoitaja aliikubali hapohapo, bila kubishana. Muuzaji wa pikipiki asiyebisha bei... hapo ndipo mjuzi angeshtuka. Mimi nilijiona nimemuweza.

Tukaondoka, mimi mbele, Noeli nyuma na pikipiki yake. Upepo mkavu, vumbi jekundu, mwanga umebaki kidogo magharibi. Pikipiki ilikuwa inateleza kama imelainishwa na samli. Nikaanza kuimba.

Tulipoyapita mashamba ya mwisho, shokapu za nyuma zikabonyea.

Taratibu.

Kama abiria mzito anapopanda kwa uangalifu, akishika bega la dereva.

Nikageuza shingo. Siti tupu. Nikajiambia ni tairi. Ndipo harufu ikanijia... zabibu zilizochacha, harufu ya mtu aliyeshinda anachuma juani. Halafu mgongo wangu ukapata joto. Joto lenye unyevu. Shati likanigandama, na jasho halikuwa langu.

Sikioni, karibu kabisa, mtu akanong'ona:

"Bado mbali?"

Nilifunga breki nusura nianguke. Nikaruka chini. Hapakuwa na mtu, upepo tu. Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimefunguliwa, vyote viwili. Nikavikunja kwa mguu.

Noeli akafika. Akasimama mbali kuliko kawaida yake.

"Abuu. Yule mama umemshushia wapi?"

"Mama gani?"

"Mjamzito. Si alikuwa amekulalia mgongoni?"

"Noeli, acha utani."

Alikuwa anaitazama pikipiki yangu, imesimama kwenye stendi, haina mtu.

"Mbona..." akanong'ona. "Mbona bado imebonyea?"

Nikatazama. Vikanyagio vilikuwa wazi tena.

Nilifika Makole sijui vipi. Nikaiacha uani, nikampigia Faustini. Alipokea kama aliyekuwa anaisubiri simu.

"Ni Zipora," akasema. "Mke wangu. Uchungu ulimshika, nikampakia kwenda hospitali. Nilikimbia sana. Nilipofika getini nikamwambia, mama, shuka, tumefika. Hakuwepo. Alikuwa ameanguka njiani, na mimi sikujua. Tulimkuta kwenye korongo."

"Mzee, na mimi nahusikaje?"

"Tangu hapo akawa anapanda. Nilimpeleka mpaka getini tena na tena. Hashuki. Mtaalamu mmoja akanifungia lile fundo asipande. Akaniambia, atakayelifungua mwenyewe, bila kutumwa, huyo ndiye dereva mpya." Sauti ikazidi kushuka. "Nisamehe, mwanangu. Bado ananijia ndotoni. Nataka kulala."

Simu ikakatika. Mpaka leo namba hiyo haipatikani.

Asubuhi nilimkuta Stumai uani, mkono wake juu ya siti.

"Imelowa," akasema. "Mvua imenyesha saa ngapi?"

Haikuwa imenyesha. Dodoma kiangazi, hata mbwa anajua.

"Usiiguse, Stumai."

"Nimeota mama mmoja ananisogelea," akaendelea, kama hakunisikia. "Mpole tu. Anasema tupande wote, njia yetu ni moja."

Nikaisukuma pikipiki mpaka kijiweni nikaiacha huko. Sijakaa vizuri, Noeli akaja mbio: Stumai anaumwa tumbo, na siku zake hazijatimia. Tukampeleka kwa teksi. Manesi wakapima, wakasema mtoto hajambo, hawaoni kitu. Maumivu hayakuisha. Yaliisha jioni, nilipoirudisha pikipiki uani. Yalikatika kama umezima swichi.

Mama mkwe wangu, Batuli, akaja kutoka Kondoa. Sikumweleza chochote. Aliizunguka pikipiki, akanusa hewa, akaniangalia usoni.

"Anayepanda humu amempata mwanangu, mwenzake wa safari," akasema. "Hatamwachia, labda apate dereva mwingine."

"Kwa hiyo nifanye nini, mama?"

Alichana kipande cha kanga yake, akaniambia nigeuke nitazame ukuta. Nilisikia siti ikiinuliwa, fundo likikazwa kwa maneno ya lugha ya kwao, siti ikifungwa.

"Wewe usiifungue tena," akasema.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Usiku vikanyagio vinakaa vimekunjwa. Lakini Stumai bado anaota, na jana alinong'ona usingizini, "Anasema amechoka kungoja."

Leo jioni amekuja kijana wa Chemba, amesikia naiuza. Mdomo wake mrefu kuliko wangu. Ameshika injini kwanza, akanikonyeza.

"Ya baridi. Hujaniibia, kaka."

"Unapanda na nani?" nikamuuliza.

"Na mama yangu. Miguu imemkataa, nataka awe anafika kanisani."

Amepiga kiki. Ametazama moshi. Amepapasa fremu. Anajua, huyu mtoto anajua kweli, na kila anapogusa moyo wangu unasimama. Dirishani Stumai ananitazama, mikono miwili imeshika tumbo, midomo imemkauka. Nimejiambia: mwambie aende zake. Abuu, ulizaliwa na mdomo, utumie mara moja kwa heri. Nikaufungua.

Harufu ya zabibu zilizochacha ikanijaa puani. Joto likanigusa kisogoni.

Nikasikia sauti yangu ikisema, taratibu, kwa upole wa mtu mzima asiyelala:

"Kagua vizuri, mdogo wangu. Wenzako hata siti hawakuinua."