Viatu vya Torleif Mlangoni kwa Mjane

Habari hii alinipa mpangaji wangu, Annelore, Jumanne asubuhi tukinywa kahawa kwa mkate na jibini. Hakujua kuwa ananichoma kisu.

Annelore ni Mjerumani. Amekuja kutembea hapa kwetu Ålesund, pwani ya Norwe, nimempa chumba cha juu. Kutwa yuko nje na koti lake la mvua la manjano, anapiga picha kila ukuta na kila ua.

Akanisogezea simu.

"Ona nyumba hii nyeupe, bibi. Mzee wa hapa ana viatu vya kizamani, vizuri kweli. Kila nikipita viko mlangoni."

Nikaangalia.

Jamani... nyumba ile ni ya Gunvor. Mume wa Gunvor yuko makaburini, mwaka wa sita huu.

Na vile viatu navijua. Cha kushoto kimefungwa kwa uzi wa nyavu, wa kijani. Uzi ule niliutia mimi kwa mikono yangu.

Viatu vya Torleif. Mume wangu!

"Vipi, bibi? Mbona umebadilika?"

"Jibini imenikaba," nikamwambia.

Wajukuu zangu mnaosoma, huku kwetu hakuna aingiaye ndani na viatu. Hata mchungaji huvivua. Kiatu kikiwa mlangoni kinasema: mwenyewe yumo, ametulia.

Lakini Torleif muda ule alikuwa sebuleni kwangu, anasikiliza utabiri wa hali ya hewa. Viatu vyake vipya viko mlangoni kwangu.

Nikapiga hesabu. Mwanamume mwenye mchepuko wa kupitia tu huondoka na viatu vyake. Anayeacha jozi moja huku na kuvaa nyingine kule, huyo ana nyumba mbili.

Nikamuuliza Torleif taratibu viatu vyake vya zamani viko wapi. Akasema amewapa watoto wa bendi ya shule, kwa mnada wao wa mitumba.

Masikio yakawa mekundu. Torleif hajui kudanganya, masikio yake humsema.

Nikajikausha. Mimi kusubiri nakujua; mtu huyu nimemsubiri arudi kutoka bahari ya baridi tangu ningali msichana.

Alhamisi akaaga, eti anakwenda kuangalia injini ya mashua. Akarudi ananukia mdalasini. Kwangu hakuna aliyeoka kitu. Na mikate ya mdalasini ya Gunvor mtaa mzima unaijua...

Usiku ule nilimpa mgongo. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni mgongo tu.

Ijumaa mvua ikinyesha, nikavuka barabara hadi kwa Gunvor.

Vilikuwepo. Vimepangwa pamoja kama vya bwana harusi.

Nikainama nichukue kimoja. Nilitaka niingie nacho mkononi, niwaulize wote wawili.

Kiatu kilikuwa kizito. Nilipokiinua yakamwagika maji, yakanilowesha soksi. Halafu akadondoka konokono.

Mwanamume gani huyu anayevaa bwawa?

Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo umefungwa. Gunvor alikuwa ameshika mti wa kusukumia unga.

"Ni mimi, Oddbjørg," nikasema. "Tangu lini unapokea jirani na rungu?"

Akafungua, akaanza kulia.

Akanieleza. Siku moja alitoka kuoga, taulo kichwani, akamkuta mtu sebuleni kwake anapiga picha vikombe vya marehemu mama yake. Mtu akashtuka, akatoka mbio. Sisi hapa mchana hatufungi milango, nani angeingia? Tangu siku hiyo Gunvor halali. Alimweleza Torleif, naye akamletea viatu, wapita njia wajue ndani kuna mwanamume. Malipo yake mkate wa mdalasini.

"Nilimwapisha asikwambie," akasema. "Ungenicheka."

"Ningekucheka," nikakubali. "Huyo mtu alikuwaje?"

"Mwanamke, mrefu. Ana koti la manjano."

Nikakaa chini.

Jioni, Annelore alipokuja mezani, nikamuuliza kama ameshaona makumbusho yetu.

"Niliyaona siku ya kwanza," akasema. "Madogo, lakini vikombe vizuri sana. Ajabu hakuna anayekata tiketi. Halafu akatokea mama mmoja na taulo kichwani, nikaona labda wamefunga..."

Torleif akapaliwa na kahawa.

Nilipomweleza, Annelore akawa mweupe kama chumvi. Hakumaliza chakula. Alivuka barabara mvuani bila koti, na kutoka dirishani nikamwona Gunvor akimsikiliza mlangoni, muda mrefu. Mwishowe akamnyooshea kidole miguuni.

Maana yake: vua viatu, uingie.

Nikamgeukia mzee wangu. "Wewe, ulifikiri nitakufanyaje ukiniambia?"

"Nilikula kiapo, bibie."

"Na kudanganya hujui. Kiatu kinachojaa maji kinamlinda nani?"

Hofu ya mjane haitoki siku moja; nikachukua suruali ya kazi ya Torleif, nikaenda kuitundika uani kwa Gunvor, chini ya paa. Viatu nikavikausha. Sasa kila asubuhi mimi ndiye ninayevisogeza, leo vimetazama mlango, kesho vimetazama bahari.

Wajukuu zangu, kiatu si mtu. Ukikiona mahali kinapokuuma, kiinue kwanza ndipo useme.

Jioni ile Annelore alirudi ananukia mdalasini, akapanda kulala. Ng'ambo, pazia la Gunvor likashuka mapema, nje bado kweupe. Torleif alikuwa ameshaanza kukoroma. Nikamfunika miguu, nikalala.