Mafuta ya Wijdan Si ya Sabuni

Wijdan na mumewe Shukri walichuma zeituni zao kwa mkono, wakazikamua siku ileile. Ndiyo maana karatasi ya maabara ilimkata maini Wijdan. Iliandikwa: asidi, 0.65. Chama cha wakulima hupokea mafuta ya mezani yasiyozidi 0.8.

"Sitini na tano kwa nane," alisema Shukri. "Tumezidi mbali. Hayafai tena mezani; mtengeneza sabuni atayabeba leo mchana."

"Mafuta haya? Chovya mkate uonje, mume wangu."

"Ulimi wako haujui kusoma."

"Mimi ninajifunza," Wijdan alijibu, akaichukua karatasi. "Asiguse mtu pipa mpaka nirudi."

Huyo, akashika njia kwenda darasa la kina mama la kusoma na kuhesabu. Mwanamke akishakaza uzi, nani wa kumrudisha?

Mwalimu Rawiya aliisoma karatasi. Akachora ubaoni miraba miwili mikubwa. Kila mraba akaugawa safu kumi, na kila safu vyumba kumi.

"Mraba mzima ni moja, Wijdan. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta huhesabu safu. Ya pili huhesabu vyumba. Haya, paka chaki 0.8."

Wijdan akapaka safu nane. Kwenye mraba wa pili akapaka 0.65: safu sita, kisha vyumba vitano. Akahesabu tena kwa kidole.

"Nane ndiyo imejaa zaidi," alisema.

"Ni vyumba vingapi?"

"Themanini. Vyangu ni sitini na tano. Kumbe sijazidi!"

"Hujazidi. 0.8 ni sawa na 0.80. Zipe namba zako tarakimu sawa baada ya nukta, ndipo uzilinganishe."

Aliporudi nyumbani, Wijdan alikuta mapipa yamekwisha kupakiwa kwenye gari la mtengeneza sabuni. Akachukua mkaa, akachora miraba ileile sakafuni. Shukri alihesabu mwenyewe, mara mbili.

"Shusha," alimwambia mtengeneza sabuni. "Nilikosea mimi."

Chama kiliyapokea mafuta yote.

Wiki iliyofuata, jirani yao Mama Hikmat aliomba chaki darasani. Akapaka safu saba na vyumba vitano: 0.75.

"Haya yalikuwa mafuta yangu mwaka jana," alisema. "Niliambiwa yamezidi, yakawa sabuni, nikayafulia nguo. Mwaka huu karatasi yangu asinisomee mtu."