Glasi Isiyo na Chumvi

Saa kumi kasoro dakika kumi, Jumamosi alasiri, fundi bodi wa magari aliinuka kwenye kiti chake cha uani kama mtu aliyeitwa, akashika kifua, akasema, "Mke wangu, mbona miguu siisikii?" Kisha akaanguka kifudifudi kwenye majani. Glasi yake ilibaki mezani, karibu imejaa, moshi kidogo ungali ukielea juu ya barafu.

Saa kumi na nusu gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka naye, na Inspekta alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, ambaye aliandika saa kwenye daftari kabla hata ya kusalimia. Mke wa fundi alitaka kumfuata mumewe hospitali. Inspekta akamwonyesha kiti.

"Samahani, mama. Aliyechanganya kinywaji anabaki hapa kwanza."

Mwanamke yule alikuwa mpima maji. Miaka kumi na minne alikuwa akizunguka mitaani na chupa zake, akichota maji kwenye mabomba ya watu na kuyapeleka maabara.

"Nani alitengeneza kinywaji?"

"Mimi."

"Nani alimimina?"

"Mimi."

"Nani alimpa mgonjwa glasi mkononi?"

"Mimi, afande." Kila "mimi" ilimtoka ndogo kuliko iliyotangulia.

"Nieleze ulivyokitengeneza. Usiruke kitu, hata kama unaona ni upuuzi."

Akaeleza. Alikata nanasi vipande vya duara, akavichoma kwenye jiko la mkaa uani mpaka kingo zikawa nyeusi. Akavisaga na maji ya ndimu na asali, akachuja, akachanganya na pombe kali ya tekila kwenye jagi moja. Kisha ukaja moshi, ambao ndio uliokuwa ukiwaleta wageni. Aliwasha vibanzi vya mti mkavu juu ya kifuniko cha kopo, akapuliza moto uzimike, akaifunika glasi juu yake mpaka ikajaa moshi.

"Halafu ukingo wa glasi naupaka ndimu, naukandamiza kwenye kisahani chenye chumvi na pilipili ya unga. Isipokuwa glasi ya mume wangu. Ana presha, amekatazwa chumvi. Yake huwa ya sukari. Kwa hiyo visahani ni viwili."

"Baada ya hapo?"

"Naonja. Natumbukiza mrija, naziba juu kwa kidole, nadondosha ulimini. Kila glasi, na mrija wake."

"Zote nne? Hata ya mumeo?"

"Hata yake."

"Na wewe ni mzima." Inspekta aliandika polepole. "Kwa hiyo ulipoonja haikuwa na sumu. Na baada ya kuonja, ilitoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwake."

Hapo ndipo mpima maji alipoelewa kwamba ukweli wake mwenyewe umemfunga kamba shingoni. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Simu ya Inspekta ikalia. Ilikuwa hospitali. Akaiweka sauti ya juu ili wote sebuleni wasikie.

"Moyo unapiga polepole mno," alisema daktari. "Zipo sumu za aina nyingi zinazofanya hivi, na dawa ya hii siyo dawa ya ile. Nikikosea nammaliza mimi mwenyewe. Nitafutieni amekula nini. Nina saa moja hivi, pengine na kidogo."

Sebuleni walikuwa wageni wawili. Wa kwanza alikuwa wifi, dada mdogo wa fundi, mwuzaji wa duka la dawa, mwenye ulimi ambao ukoo mzima uliukwepa. Wa pili alikuwa Mwalimu Mkuu, rafiki wa fundi tangu ujanani, mtu wa shati jeupe na maneno laini, ambaye nusu ya mtaa ilijifunza kusoma mbele yake.

Wifi hakungoja kuulizwa. "Nilimwambia kaka! Mwanamke anashinda na machupa ya maabara, halafu anakuja kukuchomea nanasi? Haya sasa!"

"Na wewe unafanya kazi duka la dawa," Inspekta alisema bila kuinua macho. "Uliingia jikoni leo?"

Wifi alishusha sauti ghafla. Lilikuwa jambo geni kiasi kwamba Mwalimu Mkuu alimgeukia.

"Niliingia kuchukua glasi," alisema. "Mara mbili. Lakini Mwalimu ndiye aliyekuwa humo muda wote, anakamua ndimu."

"Ni kweli, afande," Mwalimu Mkuu alisema. "Nilipewa kazi ya ndimu kwa sababu sina kazi nyingine ninayoiweza. Hata kinywaji chenyewe nilikunywa nusu glasi tu. Moyo wangu huu unaishi kwa vidonge."

"Ulikuja na gari?"

"Kwa miguu. Gari liko gereji, kwa huyuhuyu rafiki yangu, wiki ya pili sasa. Niligonga nguzo ya geti la shule."

Inspekta akaandika. Kisha akaenda kukagua jikoni, na mpima maji akamwomba ruhusa asimame mlangoni atazame. Meza ilikuwa kama soko lililovunjika, maganda ya nanasi kila mahali, kisu chenye asali, mirija minne, kisahani cha chumvi kimemwagika nusu. Kwenye chanja cha vyombo, kimeinamishwa vizuri, kilikuwa kisahani cha pili. Kilikuwa kimeoshwa, bado kinadondoka maji.

Wazo lake la kwanza lilimwendea wifi moja kwa moja. Nani mwingine huosha vyombo vya watu ili tu wajue kwamba ni wachafu?

Saa kumi na moja Inspekta alitoka getini kuzungumza na askari wake, na wifi akaenda naye akilia. Mpima maji akabaki sebuleni na Mwalimu Mkuu. Mwanamke alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, akijaribu kufikiri kama anavyofikiri kazini. Lakini alichokiona ni mumewe Alhamisi usiku, akigeukageuka kitandani. Alimwuliza ana nini. "Kuna gari nimelinyoosha, natamani nisingeligusa," mumewe alijibu. "Mwenyewe anasema nguzo. Nguzo haiachi nywele kwenye taa." Alipomwuliza ni gari la nani, alisema tu, "Nimempa mpaka Jumatatu aende mwenyewe polisi."

Alhamisi alidhani ni mteja wa kupita.

"Shemeji, kunywa maji," Mwalimu Mkuu alisema karibu na sikio lake. Alikuwa amesimama na glasi mkononi, amemwinamia, anatabasamu kwa huruma. "Umekauka midomo. Kunywa, utulie."

Mpima maji aliitazama glasi. Maji yalikuwa meupe, safi, kama yale anayoyapitisha kila siku. Ndipo nguzo ya geti la shule ikamrudia akilini. Alitamani kupiga kelele, lakini getini Inspekta alikuwa bado akizungumza.

"Asante, Mwalimu," alisema, akaipokea kwa mikono miwili. "Nitakunywa. Yana moto kidogo, naomba yapoe."

"Maji ya bomba yana moto gani, shemeji?"

Alihesabu hatua za Inspekta zikikanyaga kokoto, moja baada ya nyingine, na alipomwona mlangoni akaiweka glasi mezani mbele yake. "Hii usiimwage, afande. Na sote tukae, tafadhali. Saa ya daktari inaisha."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Wifi alirudi kwenye kochi. Askari akasimama mlangoni.

"Kazini kwetu," mpima maji alianza, "tangi moja likipeleka maji nyumba nne, na nyumba moja tu ikaugua, tangi hatuligusi. Tunakwenda kwenye mdomo wa bomba la nyumba ile. Jagi lilikuwa moja, afande. Sote tulikunywa. Mume wangu hata hakunywa, uliiona glasi ilivyojaa. Alichofanya ni kulamba ukingo. Hulamba sukari yote kwanza, duara zima, kama mtoto, ndipo anywe. Namgombeza kila siku."

"Na mrija wako haugusi ukingo," Inspekta alisema taratibu.

"Haugusi. Sumu ilikuwa kwenye kisahani cha sukari. Niliipaka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kujua." Akaonyesha jikoni kwa kidole. "Jikoni kila kitu ni kichafu. Kisahani hicho kimoja tu ndicho kimeoshwa."

"Si mimi!" wifi aliruka. "Wallahi si mimi!"

"Najua si wewe, wifi. Kaka yako alipoanguka ulimpakata kichwa, hukumwachia mpaka gari lilipofika. Mimi nilikuwa nimemshika miguu. Nani aliingia ndani?"

Wifi alimgeukia Mwalimu Mkuu. "Mwalimu. Alikwenda kuleta maji ya kummwagia."

"Nilileta maji," Mwalimu Mkuu alisema kwa upole. "Kama nilisuuza kisahani huku natafuta jagi, sikumbuki. Shemeji ana mshtuko. Tumsamehe."

"Wifi," mpima maji aliendelea, na sasa hakuthubutu kumtazama mtu yule, "leo uliniomba glasi ya namna gani?"

"Ya sukari. Nilisema nimechoka kuungua midomo na pilipili yako. Ukanipakia."

"Mbona ulikunywa ya chumvi?"

"Kwa sababu Mwalimu alininyang'anya ile! Akasema sukari inaua ladha ya moshi, nisijifanye mgonjwa wa presha. Tukacheka. Akaifuta..." Macho ya wifi yakashuka polepole hadi kwenye mfuko wa shati jeupe. "Akaifuta kwa hanchifu yake."

Inspekta alinyoosha mkono, kiganja juu. Mwalimu Mkuu aliufunika mfuko wake kama mtu anayeimba wimbo wa shule, na ndipo askari akamsogelea. Hanchifu ilipokunjuliwa ilikuwa na mstari wa upinde, umeganda kwa ndimu, chembe za sukari zikimeta, na kati yake unga mweupe ambao haukumeta.

"Hukutaka kumwua wifi, Mwalimu," mpima maji alisema. "Yeye hakuwa na kosa kwako."

Simu ikalia. "Mapigo thelathini," daktari alisema. "Mnalo jina?"

"Tuna hanchifu," Inspekta alijibu. "Maabara watatuambia Jumanne."

"Jumanne mtaniambia mimi nimwambie nani?"

Mpima maji alipiga magoti mbele ya rafiki wa mumewe. "Mwalimu, sikuulizi kwa nini. Najua kuna gari, najua kuna mtu uliyemwacha barabarani. Sitaki hayo. Niambie jina la sumu tu. Jina moja."

Mwalimu Mkuu alitazama sakafu. Usoni mwake hapakuwa na chuki, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikuwa akingoja. Mtu mmoja tu ndiye aliyeziona nywele zile, na kila dakika iliyopita ilikuwa inamzika.

"Inuka, wifi," sauti ilisema kutoka kwenye kochi. "Usimpigie magoti." Wifi alikuwa amesimama, kijasho chembamba puani. "Vidonge vya moyo wake ananunua kwangu. Miaka sita. Jumatano alikuja akachukua chupa nyingine kabla ya siku yake. Alisema ya kwanza imemwangukia chooni, nikamwonea huruma!" Akampokonya Inspekta simu, akamtajia daktari jina refu la dawa, herufi kwa herufi, na kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, kisha akarudia yote tangu mwanzo.

"Sumu hii dawa yake ipo," daktari alisema, na simu ikakatika.

Pingu zilipomgusa ndipo Mwalimu Mkuu alipozungumza, na alizungumza kama anayetoa hesabu mbele ya wazazi. Mvua ilikuwa kubwa. Mwanamke alikuwa akivuka na baiskeli. Alisimamisha gari, akashuka, akaona hapumui, akawaza watoto mia sita wanaomwamkia kila asubuhi, akapanda tena. "Nilimwomba mumeo anyamaze. Nilimwomba kwa miaka yetu yote. Akasema Jumatatu." Machozi yalimtoka. "Mimi si mtu mbaya, shemeji."

Mpima maji alikuwa tayari ameshika mkono wa wifi, au wifi alikuwa ameshika wake, na walikuwa wanakimbilia gari la polisi liwapeleke hospitali.

Walikaa kwenye benchi la korido hadi asubuhi. Kila mlango ulipofunguka walisimama pamoja, na kila ulipofungwa wakaketi pamoja. Saa moja na robo daktari alitoka, macho mekundu, akasema mgonjwa ameamka na waingie mmojammoja. Wifi akamsukuma mwenzake mbele.

Fundi bodi alikuwa mweupe midomo, waya kifuani. Alimtambua mkewe. Alijaribu kutabasamu, akashindwa, akamwashiria asogee karibu.

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Basi bado." Alihema. "Mwambie Mwalimu asiogope. Nilimwambia aende polisi, lakini sikumwambia nitakwenda naye. Nilitaka kumwambia jana, tukishakunywa. Asiende peke yake, mke wangu. Ni rafiki yangu."

Mpima maji alimfunika shuka hadi shingoni, ingawa hapakuwa na baridi.

"Ameshakwenda," alisema.

"Na nani?"

"Na askari. Kwa pingu."

Mumewe alimtazama usoni, akatazama waya zilizo kifuani mwake, akamtazama tena, na polepole akaelewa mwenyewe. Aligeuza uso ukutani na kulia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.