Neno Lililomuua Cosimo

"Kunguru, hapa Mnara. Umemwona?"

"Namwona. Yamaha nyeusi, kofia nyekundu. Mita mia mbili mbele yangu."

"Ana silaha?"

"Koti limevimba upande wa kushoto. Na joto hili, nani anavaa koti?"

"Mfuate. Usimguse mpaka niseme."

Rosalba Lacalamita akailaza pikipiki yake ya Ducati kwenye kona, goti likikaribia kugusa lami, kisha akaiinua na kuvuta mafuta.

Jumapili, saa tano kasoro robo asubuhi. Barabara ya pwani ya Bari ilijaa watu. Wavuvi walikuwa wakipigapiga pweza juu ya mawe ili nyama ilainike. Wake kwa waume walikuwa wanatoka misa ya kwanza, mikononi wamebeba vifurushi vya keki. Alipita kati yao kwa kasi ya tisini.

Hakuna aliyejua kwamba mwanamke yule alikuwa jasusi wa Idara ya Nane, kitengo cha siri kilichopenyeza watu wake ndani ya magenge ya kokeini. Na kijana aliyekuwa mbele yake hakujua kwamba anafukuzwa na mtu aliyekula naye meza moja.

Jina lake Mimmo Schirone. Umri miaka ishirini na sita.

Rosalba alimjua vizuri. Kwa miezi minane alikuwa amepanga chumba juu ya nyumba ya mama yake Mimmo, kwenye kichochoro cha mji mkongwe, akijiita Tina, fundi cherehani. Kila Alhamisi, Mama Nunzia aligonga dari kwa mpini wa ufagio. "Tina! Shuka mwanangu, chakula kinapoa!"

Naye alishuka. Akala.

Leo Mimmo alikuwa anakwenda kumuua Ruggiero Ventrella, mkuu wa genge la mtaa wa Libertà, mbele ya kanisa ambamo mjukuu wa Ruggiero alikuwa anabatizwa. Alikuwa na sababu ya kumuua. Sababu hiyo Rosalba aliijua kuliko mtu yeyote.

Ruggiero alikuwa mpasha habari wa Idara. Kwa miaka miwili aliwauza wapinzani wake kwa serikali, mzigo kwa mzigo, naye akaachwa atambe. Kisha watu wake wakaanza kunong'onezana: kuna mdomo unaovuja humu ndani. Kanali Bellomo, yule aliyejiita Mnara kwenye redio, akamwita Rosalba.

"Watafutie mtu mwingine wa kumshuku," alisema. "Yeyote. Dereva, mpishi, sijali."

Akamchagua Cosimo, kaka yake Mimmo, dereva wa malori ya Ruggiero. Ilikuwa rahisi. Alikaa saluni na wake za watu wa Ruggiero, nywele zake zikikaushwa, akasema sentensi moja tu: "Cosimo siku hizi ana marafiki wenye sare."

Alijiambia watamfukuza kazi tu. Alijiambia hivyo ili apate usingizi.

Siku mbili baadaye Cosimo alipigwa risasi saba kituo cha mafuta, pampu ikiwa bado mkononi. Binamu zake wakajiunga na genge pinzani la mtaa wa Japigia ili walipe kisasi. Tangu hapo, siku ishirini, maiti tano. Mmoja alikuwa muuza magazeti aliyesimama tu mahali pabaya.

Makaburini, Mama Nunzia alikuwa ameshika mkono wa Tina. Si wa mwingine.

"Kunguru, anasimama."

Yamaha ilizimwa chini ya tao, ng'ambo ya uwanja mdogo wa kanisa. Rosalba akaacha Ducati nyuma ya lori la maua. Milango ya kanisa ilikuwa wazi. Sauti ya kinanda ilitoka, na kilio cha mtoto aliyemwagiwa maji baridi kichwani. Magari ya polisi wasiovaa sare yalikuwa kila kona. Juu ya paa, walenga shabaha wawili.

"Mnara kwa wote," Kanali alisema. "Akitoa silaha, mpigeni. Kichwa."

Rosalba akatazama mlango wa kanisa na ngazi zake. Ndani, binti wa Ruggiero na mumewe, na mtoto. Ngazini, shangazi. Wajomba na suti zao mpya. Sahani za lozi za sukari.

Ruggiero hayupo.

Babu gani anakosa ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza?

Polisi wote wa Bari walikuwa hapa. Basi kwingine hakuna mtu, hata bandarini.

Akavua kofia. Akatembea moja kwa moja kuvuka uwanja, akasimama kati ya Mimmo na walenga shabaha.

"Kunguru! Toka hapo! Umeziba shabaha!"

Akapunguza sauti ya redio.

Mimmo alikuwa tayari ameingiza mkono ndani ya koti. Akakodoa macho. "Dada Tina? Unafanya nini hapa? Ondoka, ondoka upesi, hapa si mahali pako!"

Hata sasa alikuwa anamhurumia.

"Mimmo, nani alikwambia Ruggiero atakuwa hapa?"

"Nini?"

"Nijibu."

"Mtu wake mmoja. Kamkimbia. Sasa sogea, dada, nakuomba."

"Hakumkimbia. Katumwa na Ruggiero. Mzee ametega familia yake mwenyewe kama chambo, ili upige risasi, polisi wakukimbilie, naye apitishe mzigo wake bandarini. Tazama ngazini na ndani. Yuko wapi?"

Mimmo akatazama. "Wewe fundi cherehani. Umeyajulia wapi hayo?"

Hapo angeweza kudanganya. Alifundishwa kudanganya kwa lugha nne. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari ulimini, wote mzuri.

"Siitwi Tina. Mimi ni mtu wa serikali. Lile neno kuhusu Cosimo, kwamba anaonana na polisi. Nililitoa mimi. Lilikuwa uongo. Cosimo hakumsaliti mtu."

Kinanda kikaendelea kulia ndani.

Kisha bunduki ikatoka, fupi, nyeusi, aina ya Skorpion, mdomo wake ukielekea kifuani pa Rosalba.

"Ulimshika mama mkono," Mimmo alisema taratibu. "Pale kaburini. Ulilia."

"Nililia."

"Kwa kazi?"

Rosalba alitaka kusema hapana. Hakuwa na uhakika.

"Sijui," alisema. "Nipige ukitaka. Lakini risasi zako zitanipita ziingie mlangoni. Mle ndani kuna watoto. Halafu wale juu ya paa watakuua, na mama yako atazika wa pili. Ruggiero ndivyo anavyotaka."

Mimmo akatazama paa, kisha mlango wa kanisa.

Bunduki ikaanguka juu ya mawe.

"Utamwambia wewe," Mimmo alisema. Alikuwa analia kwa hasira, kamasi zikimtoka. "Si barua. Si padri. Utakwenda kwa miguu yako umwambie mama."

"Nitakwenda."

Polisi walipomvaa, Rosalba alikuwa ameshaiwasha Ducati.

Idara ilikuwa imempa Ruggiero simu maalumu, yenye kifaa cha kufuatilia kilichofichwa ndani ya betri. Nambari yake walikuwa nayo watu wawili tu. Rosalba akabonyeza saa yake ya mkononi. Nukta nyekundu ikawaka.

Bandarini. Lango la nne.

"Kunguru, hapa Mnara. Unakwenda wapi?"

"Kivuko kutoka Durrës, Albania, kimeteremsha malori, afande. Ruggiero yuko langoni."

Kanali hakushangaa.

"Achana naye," Kanali alisema. "Nimempa kibali. Lori hilo lisipekuliwe."

Rosalba alikuwa na kidole juu ya kitufe kidogo cha njano, kile cha kufungua mawimbi kwa kila redio ya polisi mjini. Akakibonyeza.

"Rudia, afande. Sijakusikia."

"Nasema lori la Ventrella lipite! Ni mtu wetu. Tulimtoa yule dereva kafara kwa ajili yake, sasa unataka kuharibu kila kitu?"

Askari wa mji mzima wakasikia.

"Nimekusikia sasa," Rosalba alisema. "Wote wamekusikia."

Mnara akazima redio.

Lori lilikuwa la Iveco, limebeba vigae vya sakafu. Lilikuwa limetoa pua langoni alipolikatia njia. Akachomoa bastola yake ya Beretta. Risasi mbili, tairi ya kushoto. Risasi moja, ya kulia. Lori likainama kama ng'ombe anayepiga magoti, likajikwangua ukutani na kutulia.

Ruggiero Ventrella akashuka polepole. Mzee wa miaka sitini na mbili, amevaa suti ya ubatizo, ua jeupe kifuani. Alitabasamu.

"Binti yangu, utalipia tairi hizo. Mpigie bosi wako, mimi na yeye hatufichani kitu."

"Mikono juu ya boneti."

"Una kichaa? Mimi nina kinga!"

"Mjukuu wako amebatizwa salama. Hukuuliza."

Tabasamu likapungua. Halikuisha. "Usinitazame kama padri. Cosimo tulimuua pamoja, mimi na wewe. Mimi nilitoa risasi saba tu. Neno ulitoa wewe."

Rosalba alimfunga pingu.

Askari wa forodha walivunja boksi la kwanza la vigae, la pili, la kumi. Katikati ya kila boksi, pakiti nyeupe zilizobanwa. Kilo mia sita. Saa saba mchana mwendesha mashtaka alifika mwenyewe, jasho likimtoka, akasema Kanali Bellomo ameshakamatwa ofisini kwake.

"Umefanya kazi kubwa," alimwambia. "Utapata nishani."

"Niandike shahidi," Rosalba alisema. "Na mshtakiwa, ukiona inafaa."

Akaondoka kwa miguu.

Kichochoro kilikuwa na kivuli. Wanawake walikaa nje ya milango yao kama kila siku, mbao mapajani, wakikata donge la unga na kulikunja kwa kidole gumba kuwa tambi ndogo zenye umbo la sikio. Mama Nunzia alikuwa wa tatu kutoka mwisho, amevaa nyeusi. Milango mingine yote ilipiga soga. Karibu na mlango wake hapakuwa na mtu.

"Tina! Umekula?"

Rosalba hakuketi. Akamwambia. Jina lake, kazi yake, saluni, sentensi ile. Aliyasema yote bila kuyaficha. Akamwambia pia kwamba Mimmo yuko hai, yuko kituoni.

Kisu cha Mama Nunzia kilikuwa kimesimama ndani ya unga.

"Ulikula kwangu," alisema.

"Nilikula, mama."

"Usiniite mama."

Rosalba akainamisha kichwa.

"Cosimo alikuja hapa siku aliyokufa," Nunzia alisema. "Akanifokea. 'Neno limetoka nyumbani kwetu, umeropoka nini kwa watu?' Nikaapa sijasema kitu. Hakuniamini. Akatoka bila kunibusu." Akapangusa unga kwenye aproni. "Na hawa wote hawaniamini mpaka leo. Wanasema mdomo wa Nunzia ulimzika mwanawe. Siku ishirini hakuna aliyeniazima hata chumvi."

Rosalba hakulijua hilo. Aliishi juu ya kichwa cha mwanamke huyu siku zote hizo, na hakulijua.

"Sema tena," Nunzia alisema. "Kwa sauti. Jina lako la kweli."

Jasusi anayetaja jina lake katikati ya mji mkongwe si jasusi tena. Kabla ya jua kuchwa, kila genge la Bari lingekuwa na sura yake.

Rosalba akageuka kuelekea milango ile. Uso ulikuwa unamwaka moto.

"Mimi ni Rosalba Lacalamita!" alisema. Sauti ilipasuka, akairudisha. "Askari wa siri. Neno lililomuua Cosimo Schirone nilitoa mimi. Mama yake hakusema kitu. Mnasikia? Hakusema kitu!"

Visu vyote vikanyamaza.

Mwanamke wa mlango wa pili akaweka ubao wake chini. Akanyanyuka kwa shida, akabeba kigoda chake, akaenda kukiweka kando ya Nunzia na kuketi. Hakumwangalia Rosalba hata kidogo.

"Nenda sasa," Nunzia alisema, akichomoa kisu kutoka kwenye unga.

Rosalba akatembea. Hakuharakisha, hakuvaa miwani, hakuficha uso. Kichochoro kilikuwa na milango thelathini na moja, naye alipita mbele ya kila mmoja.